Barua ya wazi: Pimeni na damu ya kombe, msipime maji peke yake

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Uchumi wa Buluu na Uvuvi, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar;
Kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira Zanzibar (ZEMA);
Kwa wakuu wa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi na Rasilimali za Bahari Zanzibar (ZAFIRI) na Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar;
Nakala kwa mabaraza ya manispaa na mabaraza ya miji, Unguja na Pemba.

Waheshimiwa, assalaam alaykum.

Nina ombi moja, na nitalisema mapema ili msomaji mwenye haraka asilazimike kufika chini. Naomba uchunguzi wa uchafuzi wa pwani zetu uongezewe kipimo cha afya ya kombe na chaza wenyewe, wale wanyama wa pwani wenye magamba mawili, hasa kinga ya miili yao, yaani namna chembe za damu zao zinavyofanya kazi. Kianze kabla ya masika yajayo, kianzie mahali pachache, na majibu yake yabandikwe madikoni, wanakoshukia wavuvi, kwa Kiswahili chepesi.

Mimi ni mfanyakazi wa maabara ya hospitali. Kazi yangu ni kutazama damu za watu kwenye hadubini, kuhesabu chembe nyeupe na kumwandikia daktari nilichokiona. Upande wa mama sisi ni watu wa Bweleo, kijiji cha pwani hapa Unguja, na wanawake wa kwetu hushuka pwani kila bamvua, maji yanapokupwa sana, kuokota kombe. Kwa hiyo hapa sisemi habari za kusikia. Damu naijua na kombe namjua, na muda mrefu nimekuwa nikijiuliza kwa nini vitu hivi viwili havijawahi kukutanishwa katika taratibu za serikali.

Utaratibu uliozoeleka ni wa chupa. Afisa anakwenda ufukweni, anachota maji, anaandika tarehe, anapeleka maabara. Sina ugomvi na chupa. Lakini bahari yetu wakati wa bamvua hupanda na kushuka karibu mita nne, mara mbili kwa siku. Anayechota Mizingani, ufukweni mwa mji, maji yakijaa amechota maji yaliyotoka nje huko mkondoni. Anayechota pale pale maji yakikupwa amechota kitu kingine kabisa. Akija baada ya mvua kubwa, mitaro yote ya mji imeshamwaga. Majibu yote matatu ni ya kweli, na hakuna hata moja linalotwambia mnyama anayeishi pale anaishi vipi. Isitoshe, maabara huona kile tu ilichoambiwa itafute. Ukiiomba itafute madini ya risasi itakwambia habari ya risasi. Haitakutajia mafuta ya mashine za boti, sabuni, rangi ya kupakia vyombo na dawa ya kuulia wadudu, vyote vikiwa vimechanganyika katika tope moja. Kombe anakutana navyo vyote kwa pamoja.

Na kombe hana pa kwenda. Samaki akiona maji mabaya anahama. Kombe amejifukia kwenye mchanga wa matope, anafungua gamba na kuchuja yanayopita: ya usiku, ya mvua, ya Jumapili ofisi zikiwa zimefungwa. Ni kifumbu kilichoachwa baharini. Tui linapita, machicha yanabaki. Chaza wa mwambao wa mashariki ya Marekani, akiwa mzima na maji yakiwa na joto linalomfaa, hutajwa kuchuja hadi lita 190 kwa siku. Hata kama wetu wanachuja sehemu ndogo tu ya hizo, hesabuni wenyewe ni maji kiasi gani yanapita katika mwili wa mnyama mmoja kwa mwaka. Ndiyo maana Edward Goldberg, mtaalamu wa bahari wa Marekani, alipendekeza mwaka 1975 kwamba kome, wa jamii hiyo hiyo ya chaza, watumike kuwa walinzi wa pwani za dunia, na nchi yake ikaanza kuwapima tangu 1976. Wakati ule walipima kilichobaki mwilini, yaani metali nzito na mafuta. Hatua iliyofuata, ambayo ndiyo ninayoiombea hapa, ni kuuliza kile kilichobaki kimemfanya nini mnyama.

Naomba mnivumilie hapa kidogo, maana hii ndiyo sehemu ambayo watu wakubwa huiruka wakidhani ni mambo ya Ulaya yenye mashine za mamilioni.

Kombe mnamjua. Gamba nene, lina matuta, na kwenye mabonde ya matuta kumekwama tope hata ukimwosha mara tatu. Ukimpasua anatoa damu nyekundu. Wengi wa jamii yake, chaza na kome, damu yao haina rangi, unaweza kudhani ni maji tu yaliyobaki ndani ya gamba. Kombe yeye ana hemoglobini, ile ile inayoifanya yetu iwe nyekundu. Ndani ya damu hiyo mna chembe za ulinzi. Mnyama huyu hatengenezi kingamwili kama sisi, na kwa hiyo chembe hizi ndizo ngome yake kubwa. Zinatembea, zinamzingira mdudu, zinammeza, kisha zinamsaga ndani ya vifuko vidogo vyenye tindikali viitwavyo lisosomu. Élie Metchnikoff aliliona jambo hili mwaka 1882 huko Messina, Italia, alipochoma mwiba ndani ya kiluwiluwi cha kiti cha pweza na kuona chembe zikikusanyika kuuzunguka. Mwaka 1908 akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich. Sehemu kubwa ya elimu ninayoitumia hospitali kila asubuhi ilianzia kwa mnyama wa pwani, na sisi tumezungukwa na pwani.

Kipimo chenyewe kinafanyika hivi. Unachukua kombe aliyetoka pwani siku ile ile. Unapenyeza ncha ya kisu baina ya magamba mawili, taratibu, upate upenyo wa sindano tu. Sindano inaingia kwenye ule msuli mnene unaofunga gamba, ule ambao mpishi hupata tabu kuukata. Ndani ya bomba la sindano umeshatia maji ya chumvi yanayolingana na ya mwili wake, na unavuta damu kidogo, nusu mililita au pungufu. Tone moja linawekwa kwenye kioo cha hadubini, na kioo kinawekwa ndani ya sanduku lenye unyevu, pasipo na mwanga mkali, kama robo saa, ili chembe zishike. Kisha unaongeza rangi inayoitwa nyutro redi.

Chembe nzima inaivuta rangi ile na kuifungia ndani ya lisosomu zake. Ukitazama unaona vitone vyekundu vidogo vidogo vimetulia ndani ya chembe isiyo na umbo maalumu, nyingine imenyoosha kama mguu upande mmoja. (Kwa kombe, msichanganye chembe hizi na zile chembe nyekundu zinazobeba hemoglobini. Ni nyingi na zinaziba mandhari, na mtu wa kwanza kufundishwa atazilaani.) Halafu unasubiri. Unatazama baada ya robo saa, baada ya nusu saa, kisha kila nusu saa. Chembe iliyochoshwa na sumu, kuta za vifuko vyake zimedhoofika. Rangi inaanza kuvuja, chembe inabadilika rangi nzima, inavimba, inakuwa duara. Wakati ambapo nusu ya chembe zimeshavujisha rangi ndilo jibu, na linaandikwa kwa dakika.

Kwa kome wa Ulaya, waliopimwa zaidi kuliko wote, chembe zikihimili zaidi ya dakika 120 mnyama huhesabiwa mzima. Baina ya 50 na 120 ana dhiki lakini anajimudu. Chini ya 50 yuko taabani. Njia hii ilitumiwa kwa kome wa wangwa wa Venice, Italia, matokeo yakachapishwa mwaka 1995, na hivi sasa imo katika utaratibu wa nchi za Mediterania wa kuchunguza uchafuzi wa bahari yao. Hadubini, sindano, vioo, rangi, saa ya ukutani. Nimevitaja vyote.

Kipo na kipimo cha pili, cha kuzipa chembe hizo hamira iliyouawa na kupakwa rangi, kisha kuhesabu ni chembe ngapi zimekula. Chembe iliyolewa sumu hukosa hamu ya kula, na hilo ni jambo baya sana kwa mnyama ambaye kula ndiko kujikinga kwake. Kipo pia cha tatu ambacho hakitaki hata hadubini. Unawatoa kome au chaza majini, unawaweka mahali penye kivuli na unyevu, na kila siku unawagonga gamba kwa kidole. Aliyeachama na hafungi tena amekufa. Waliotoka penye maji machafu hufa mapema kuliko waliotoka penye maji safi, kwa sababu nguvu yao ilishatumika kupambana na sumu na haikubaki ya kustahimili ukavu. Hicho wanafunzi wa sekondari ya Fumba wanaweza kukifanya na mwalimu wao wa bayolojia, wakachora na grafu.

Kwamba viumbe hawa husema mapema, mfano upo Ufaransa. Katika ghuba ya Arcachon, mwishoni mwa miaka ya 1970, chaza wakaanza kuota magamba mazito yaliyoharibika na watoto wao wakawa hawashiki. Sababu ilikuwa rangi ya kupakia boti yenye kemikali ya bati, iliyowekwa ili viumbe vya kunata na mwani visiote kwenye mbao za chini. Rangi hiyo hudhoofisha pia zile chembe za ulinzi nilizozieleza. Ufaransa ikaizuia kwa boti ndogo mwaka 1982. Dunia nzima ikaja kuizuia kwa mkataba ulioanza kufanya kazi 2008. Miaka ishirini na sita chaza wakiwa wameshasema.

Sasa niseme yale ambayo muuza vifaa hatowaambia.

Kinga si namba ya kudumu. Kombe anayekaribia kutaga, chembe zake hubadilika. Maji ya masika yakipunguza chumvi, hubadilika. Jua la kaskazi likipiga tope la pwani maji yakiwa mbali, hubadilika pia, na hakuna mtu aliyemwaga kitu. Kwa hiyo mkipima mara moja mkakimbilia magazetini mtajiaibisha. Lazima wapimwe mwaka mzima, kaskazi, masika, kusi na vuli, na siku zote walio karibu na mji walinganishwe na wa mahali palipo mbali na mji, wa ukubwa ule ule, waliookotwa katika bamvua ile ile. Zile dakika 120 na 50 ni za kome wa bahari za nchi za baridi. Kombe wa Unguja atakuwa na zake, na kazi ya mwaka wa kwanza ni kuzitafuta.

Namba nzuri nayo ina mtego. Sumu kidogo huichochea kinga, ikapanda juu ya kawaida. Mtu asiyejua ataona chembe zinakula hamira kwa pupa na kuandika ripoti kwamba wanyama wana afya kuliko wa mahali palipo mbali na mji. Anayejua atauliza ni nini kinawachokoza. Ndiyo sababu siombi kipimo kimoja, naomba viwili au vitatu visomwe kwa pamoja.

Na kubwa kuliko yote: kombe mwenye kinga nzuri si lazima awe salama kuliwa. Anaweza kubeba vijidudu vya choo asiumwe hata kidogo, kwa sababu ni vya kwetu, si vya kwake. Kipimo cha kinga kinatwambia hali ya bahari. Kwa hali ya sahani kuna kipimo kingine, cha kuhesabu bakteria wa kinyesi ndani ya nyama. Ulaya wameweka madaraja. Bakteria aina ya E. koli wasiozidi 230 katika gramu 100 za nyama, chaza wanauzwa moja kwa moja. Hadi 4,600, lazima wasafishwe kwanza au wapikwe kwa utaratibu uliowekwa. Hadi 46,000, lazima wahamishiwe maji safi kwa muda mrefu. Zaidi ya hapo hawaruhusiwi. Kuwasafisha ni kuwaweka katika maji safi yanayozunguka kwa kama siku mbili. Bakteria wengi hutoka. Virusi hukawia kutoka. Metali nzito haitoki kwa siku mbili, wala haitoki kwa moto wa kuni wala kwa tui la nazi, na hili naliomba lisemwe wazi kwa akina mama, maana wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba kilichochemka kimetakata.

Hofu yangu, Waheshimiwa, si kwamba mtakataa ombi hili. Ni kwamba mtalikubali, mtapima, namba zitakuja mbaya, na jambo la kwanza kufanyika litakuwa tangazo la kuwakataza wanawake kwenda pwani.

Nasema hivyo kwa sababu najua nani ni mwepesi kukatazwa. Mwanamke aliyeinama na kapu lake ufukweni anaonekana na kila mtu. Bomba halionekani, limefukiwa. Maji machafu ya Mji Mkongwe yamekuwa yakiingia baharini bila ya kusafishwa kwa miongo mingi, hilo halina ubishi. Mashimo ya vyoo ya nyumba na hoteli nyingi za ufukweni yamechimbwa kwenye jiwe la matumbawe, na jiwe hilo limejaa matundu. Unachomimina humo hakikai, kinapita chini kwa chini hadi pwani. Kombe hakulifanya lolote kati ya hayo, wala aliyemwokota.

Kuna kikundi cha akina mama, mmoja wao ni jamaa yangu, waliokwenda katika ofisi moja ya umma kuuliza swali jepesi: kombe wa mahali petu ni salama? Wakaulizwa kikundi kimesajiliwa? Katiba mnayo? Akaunti ya benki mnayo? Walikuwa navyo vyote, wakavitoa. Wakaambiwa waandike barua. Wakaandika. Swali la kombe hadi leo halijajibiwa, ingawa usajili wao ulihuishwa na risiti wakapewa. Afisa aliyewapokea alikuwa mpole, hakuwa na jeuri. Hakuwa na jibu tu, kwa sababu hakuna aliyepewa kazi ya kuwa nalo.

Na hawa si watu wa kufundishwa uhifadhi kwa fimbo. Katika rasi ya Fumba wanawake wanaookota kombe walishakaa na watafiti wakatenga vipande vya pwani visiguswe, ili kombe wazaliane na wakue. Wengine wamefuga chaza wa lulu, wale wa nusu lulu mnaowaona wakiuzwa wakiwa vipuli na mikufu. Mtu anayeishi kwa chaza ana sababu ya kutaka maji safi kuliko mtu yeyote mwenye semina. Kwa hiyo naomba iandikwe ndani ya mpango wenyewe, kwa wino: namba zikiwa mbaya mahali, wa kwanza kutembelewa awe mwenye bomba, mwenye shimo na mwenye gereji. Kama itabidi uokotaji usimame kwa muda, kwa ajili ya afya za walaji, basi usimamishwe pamoja na fidia na tarehe ya kupima tena. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Namba 3 ya mwaka 2015 haikutungwa kwa ajili ya watu wenye makapu peke yao.

Machi 2024 tulizika watu tisa kutoka Kisiwa Panza, Pemba, wanane kati yao watoto, baada ya kula nyama ya kasa. Sumu ile haikutoka kwenye bomba la mtu, na kipimo ninachokiomba kisingeiona. Naitaja kwa sababu ya namna tulivyojua. Tulijua kwa maiti. Maabara ilikuja baadaye kuthibitisha kile ambacho makaburi yalishasema. Kwa kasa pengine hapakuwa na njia nyingine ila kuonya watu wasimle. Kwa kombe njia ipo, inaanza miezi kabla mtu hajaumwa, na anayetangulia kudhoofika ni kombe mwenyewe.

Sasa mambo ya utekelezaji, kwa ufupi, maana haya mnayajua kuliko mimi.

Kwa Unguja ningeanza na mwambao wa mjini, kutoka Mizingani hadi Maruhubi na Mtoni; kisha Nyamanzi, Bweleo na Fumba, ambako nyumba zinaota kwa kasi na kila nyumba ina shimo lake; na mahali pa kulinganishia pawe ndani ya hifadhi ya Menai, iliyotangazwa 1997, mbali na makazi makubwa. Kwa Pemba, ghuba ya Wete na ghuba ya Chake Chake, na kisiwa cha Misali kiwe cha kulinganishia. Pemba isiachwe kwa awamu ya pili. Awamu ya pili ya Pemba tunaijua ilivyo.

Mahali pasipo na kombe wa asili, wachukuliwe wa mahali safi, watiwe ndani ya vikapu vya wavu, wafungwe kwa mwezi mmoja kisha wapimwe. Kazi ya kufunga vikapu vya chaza kwenye kamba visichukuliwe na mkondo, waulizwe wanawake wa lulu. Hakuna ofisi yenye fundi kuwashinda. Na walipwe kwa siku, msiwaandike kuwa wadau na kuwapa soda.

Watu wa kusoma majibu tunao. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ipo hapa hapa Unguja tangu 1978, na majengo yake ya Buyu hayako mbali na kombe wenyewe. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kina wanafunzi wanaotafuta mada za utafiti, na nyingi zinarudiwa kila mwaka. Metali nzito anaweza kuzipima Mkemia Mkuu wa Serikali. ZAFIRI ina jukumu la utafiti wa rasilimali za bahari, na ZEMA ina meno ya sheria. Kinachokosekana ni mtu mmoja mwenye jukumu la kuyaunganisha haya, na fungu dogo katika bajeti ya wizara lenye jina la kazi hii, lisiwe la mradi wa wafadhili utakaokwisha siku ripoti inapozinduliwa hotelini. Vipimo vya namna hii vina thamani vikiendelea. Mwaka mmoja unakupa namba. Miaka mitano ndiyo inayokuonesha kwamba Bweleo inashuka.

Na majibu yatolewe. Yatolewe kwa sheha, kwa kamati za wavuvi za shehia, kwenye ubao wa diko, na redioni kipindi cha wavuvi alfajiri, siyo kwenye tovuti kwa Kiingereza. Maneno matatu yanatosha: wazima, wana dhiki, taabani, na chini yake, kwa herufi zile zile, bakteria wa kinyesi wamezidi au hawakuzidi. Mwanamke akisoma kwamba kombe wa upande wake wana dhiki anajua la kufanya na kapu lake, na anajua wa kumuuliza.

Sera ya Uchumi wa Buluu ya mwaka 2020 inazungumza uzuri juu ya ufugaji wa baharini na juu ya wanawake. Siku ambayo mnunuzi wa nje atataka chaza wa Zanzibar, suali lake la kwanza litakuwa maji yao yapo daraja gani na nani aliyeyapima. Naona ni vyema tukajiuliza wenyewe kwanza, kabla ya kuulizwa na mtu aliyeshika hundi.

Mkihitaji mtu wa kuwafundisha vijana kuvuta damu ya kombe bila ya kuichanganya na maji ya ndani ya gamba, hilo naliweza, na siku nisizo na zamu nipo. Jibu la barua hii lisiletwe kwangu. Lipelekwe kwa masheha wa Bweleo, Fumba na Nyamanzi, na kwa masheha wa pwani ya Wete na Chake Chake, likiwa na tarehe ya kuanza na jina la afisa atakayeulizwa kama tarehe hiyo itapita.

Wasaalam,
Mfanyakazi wa maabara, mtoto wa Bweleo